Ngwe ya Shule, Tuta la Mtoto

Kwenye ratiba za shule za msingi za Tanzania kulikuwa na herufi mbili ambazo hakuna mwanafunzi aliyehitaji kuelezwa: EK. Kwenye karatasi zilisimamia Elimu ya Kujitegemea. Kwa mikono na miguu zilimaanisha jembe begani, samadi ndani ya ndoo, mwalimu wa zamu akipima ardhi kwa hatua zake, na kila mtoto akikatiwa ngwe yake aimalize kabla ya kengele. Neno ngwe lenyewe limebeba mengi. Ngwe ni sehemu ya shamba unayopimiwa uilime. Ukishaimaliza si yako, na hata ulipoianza haikuwa yako. Tuta ni kitu kingine. Tuta hupandwa, humwagiliwa, huchungwa kuku wa jirani wasilichakure, na mwenye tuta ndiye ajuaye mboga zake zimefikia wapi. Ninachodai hapa ni kwamba historia ya kuwafundisha watoto wadogo kilimo katika nchi yetu, tangu kabla ya shule hadi baada ya Azimio la Arusha, ni historia ya mtoto kunyang'anywa tuta na kukabidhiwa ngwe. Wengi husema shamba la shule lilianguka kwa sababu watoto walichoshwa, au kwa sababu wazazi walilidharau jembe. Sababu hizo zina ukweli wake, ila hazielezi kwa nini watoto wale wale, wa wazazi wale wale, walijua kulima vizuri kwao na wakalichukia jembe lile lile walipolifikisha shuleni.

Tuanze nyumbani. Katika bonde la Rufiji, mpunga unapotoa masuke familia huhamia shambani na kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili mtu aone shamba zima na nguruwe asimfikie. Usiku wakubwa hukesha. Mchana zamu huwa ya watoto, na kazi yao ina jina lake: kuamia ndege. Anayedhani kuamia ni kupiga kelele tu hajawaona kweleakwelea wakishuka kama moshi juu ya mpunga. Mtoto aliye juu ya dungu ana kombeo na udongo uliofinyangwa kuwa vidonge, tena ameshika ncha ya kamba ndefu iliyofungwa makopo, iliyopitishwa juu ya miti mpaka upande wa pili wa shamba. Akiivuta, makopo hugongana pale ambapo yeye hayupo. Huyo mtoto anajua ndege huja kwa wingi asubuhi na alasiri kuliko adhuhuri jua likichoma. Anajua punje hupendwa zaidi ikiwa bado na maziwa, kwa hiyo siku chache hizo ndizo za kutosinzia. Anaona pia, kwa kukaa juu tu na kutazama, wapi mpunga umekuwa wa njano kwa sababu maji yamesimama na wapi umenawiri. Hakuna anayemfanyia mtihani, maana mtihani ni ghala la familia yake.

Kuamia ilikuwa kazi ya wote, na mtoto aliifanya kama mmoja wa wote. Kando ya kazi hiyo, jamii nyingi za eneo hili zilimpa mtoto kitu cha peke yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, anaeleza kwamba mtoto alipoweza tu kushika mti wa kuchimbia alipewa kijisehemu chake cha kujifunzia, wazazi wakimsaidia kupanda na kumwonyesha tofauti ya mmea na gugu. Miaka miwili baadaye Otto Raum, aliyezaliwa Kilimanjaro katika familia ya wamisionari, alichapisha utafiti mkubwa juu ya utoto wa Wachaga, na kurasa nyingi za humo zinahusu michezo ambayo watoto waliiga kazi za wakubwa bila kuamrishwa. Namna ya kumfundisha mtoto mara nyingi ilifanana: jembe lililolika hadi likabaki kijembe halikutupwa, lilitiwa mpini mfupi na kupewa mtoto, kipande cha ardhi pembeni mwa shamba la mama kikawa chake, na alichokivuna kikapikwa kwa kutajwa jina lake. Hilo la mwisho si dogo. Mboga iliingia chungu cha familia kama nyingine zote, na kila aliyekula alijua ilitoka kwa nani.

Hapa msomaji makini atanisimamisha, na ana haki. Je, huku si kuipamba njaa kwa maua? Mtoto wa kwenye dungu alikosa shule. Aliumwa na mbu, alikaa juani kutwa, na akisinzia familia nzima ilipungukiwa chakula. Mzigo wa namna hiyo haumfai mtu wa miaka 8. Ni kweli, na sioni sababu ya kuukana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayotenganisha kazi nyepesi na ajira ya mtoto haikutungwa kwa sababu wabunge hawakujua maisha ya shamba. Ilitungwa kwa sababu waliyajua. Lakini pingamizi hilo linaikamata kuamia, haliligusi tuta. Ndiyo maana nimevitenganisha. Nyumbani mtoto alipata vyote viwili, kazi aliyolazimika kuifanya na sehemu aliyoimiliki, na kazi ngumu ya kwanza ilivumilika kwa kuwa ya pili ilikuwepo. Shule ilipokuja ikachukua ile ya kwanza tu.

Shule ya kwanza ya serikali ilikuja na Wajerumani, huko Tanga, katika miaka ya 1890, na haikuwa na nia ya kumfundisha mtu kulima. Ilitaka makarani, wakalimani na maakida. Kuna kejeli ndani yake. Mjerumani huyo huyo ndiye aliyeipa dunia neno linalomaanisha bustani ya watoto. Friedrich Froebel alilibuni mwaka 1840 kwa ajili ya shule yake ya wadogo huko Blankenburg, na hakulitumia kwa mafumbo tu: katika mpango wake kila mtoto alikuwa na kitalu kidogo kilicho chake, apande atakacho, na vitalu hivyo vilizungukwa na vitalu vya wote vilivyotunzwa kwa pamoja. Sisi tunasema chekechea, au shule ya awali, na katika maneno yetu bustani haimo. Haikupakiwa melini. Kilichopakiwa ni shamba la pamba. Mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilianza kuwalazimisha watu wa wilaya za kusini mwa pwani walime pamba kwenye mashamba ya pamoja chini ya majumbe, kwa malipo kiduchu, na siku za kazi hizo zilikatwa kutoka siku za chakula chao wenyewe. Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waliingia shambani wakang'oa mipamba. Vita vya Maji Maji vilianza kwa kung'oa mimea. Waliong'oa walikuwa wakulima tangu utotoni, na kwao walikuwa na mashamba waliyoyatunza vizuri. Hawakuwa na ugomvi na jembe. Ugomvi wao ulikuwa na ngwe. Nimelileta tukio hili la watu wazima kwa sababu watoto, wakitendewa hivyo hivyo, hawana vita vya kupigana. Wana uvivu tu, na uvivu wa mtoto hauandikwi vitabuni kuwa ni upinzani.

Waingereza walikuwa na fikra za kilimo shuleni tangu mapema. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na ndani yake alikuwamo James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast aliyesoma na kufundisha Marekani. Tume ilileta mawazo ya vyuo vya Hampton na Tuskegee vya huko Marekani: Mwafrika afundishwe kinachoendana na maisha ya kijijini kwake, kilimo kikiwa mbele. Huko Malangali, Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920, W. B. Mumford alijaribu kuanzisha shule iliyofuata mila za wenyeji, hata wazee wakaitwa kufundisha. Katika miaka ya 1950 shule za kati, darasa la 5 hadi la 8, zikapewa mwelekeo mkali wa kilimo. Wazazi walilipinga jambo hilo, wanasiasa wa TANU wakalisemea, na kabla ya Uhuru msisitizo ule ulikuwa umeshalegezwa. Watawala walinung'unika kwamba Mwafrika akishika kalamu hulionea haya jembe. Mwaka 1965 Philip Foster, baada ya utafiti wake Ghana, aliwajibu watu wa fikra hizo: mzazi anayekimbia shule ya jembe na kuitafuta shule ya kalamu hana kasoro ya akili, anasoma soko la ajira vizuri kuliko waziri, kwa sababu mishahara iko kwenye kalamu. Nakubaliana na Foster kuhusu wazazi. Ila jibu lake linahusu kijana wa miaka 15 anayetafuta kazi. Halisemi lolote juu ya mtoto wa miaka 7 ambaye hajui mshahara ni nini, anayefurahia mbegu ya boga ikiota ndani ya kifuu cha nazi. Kitu gani kilimfanya huyo naye aichukie bustani?

Jibu linaanza kuonekana tukiusoma vizuri waraka ambao wengi huutaja na wachache huufungua. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ilitoka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Katika kumbukumbu za watu imebaki kuwa waraka uliopeleka watoto shambani. Kwa kweli nusu ya hoja yake ya shamba inahusu uamuzi. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga walime nini, waone hesabu, wajue faida ilivyopatikana na waseme itumike vipi. Alikataa shule ipewe trekta na mashine kutoka nje ikawa shamba la maonyesho, kwa sababu mtoto asingejifunza chochote cha kwenda kukifanya kwao. Na kuhusu wale wa shule ya msingi alikuwa mwangalifu zaidi: hao aliwaona kama watoto wa familia zao na wa kijiji chao, wanaoweza kupewa sehemu ya wajibu kwenye shamba la kijiji. Aliomba pia umri wa kuanza shule usogezwe mbele, ili mtoto asimalize la saba akiwa bado mdogo mno kwa kazi za maisha. Mtu anaweza kumpinga Mwalimu katika mengi, mimi nikiwemo kwenye baadhi, lakini kwenye karatasi ile mtoto hakukatiwa ngwe. Alipewa kitu kilicho karibu na tuta, lenye wenyewe wengi.

Yaliyofuata yanaeleweka bila kumtafuta mwovu. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa umri wa shule aingie darasani kufikia 1977, na wakati huo huo shule zikatakiwa zichangie gharama zake kwa kazi za mikono. Madarasa yakafurika. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshapanda, hazina ilikuwa tupu, chaki hazitoshi. Shamba lililotarajiwa kuwa somo likageuka fungu la mapato. Likiisha kuwa fungu la mapato, swali ambalo mkaguzi analiuliza hubadilika: haulizi tena watoto wamejua nini, anauliza magunia mangapi. Na jibu la magunia lina njia moja fupi, ambayo ni kulima eneo kubwa, zao moja, kwa mikono mingi, kwa amri. Ukiwashirikisha watoto 300 kupanga, mvua itanyesha mkiwa bado kikaoni. Mwalimu mkuu aliyechagua mahindi na kupima ngwe hakuwa mkatili. Alikuwa mtu mwenye bajeti. Hivi ndivyo fikra nzuri zinavyokufa mara nyingi, kwa kukabidhiwa kazi ya pili ambayo hazikuumbiwa.

Kisha jembe likapata kazi ya tatu, nayo ndiyo iliyolimaliza kabisa. Likawa adhabu. Mchelewaji akalime. Aliyepiga kelele akalime, aliyesahau kidumu cha maji au fagio akapimiwe ngwe mbili. Kwa miaka mingi, katika shule za bara na za visiwani, za Kenya pia, mtoto alijifunza kwa vitendo kwamba kulima ni kinachompata mtu aliyekosa. Huwezi kumwambia asubuhi kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa halafu saa nne ukampeleka kwenye huo uti wa mgongo kwa kuwa amekosea hesabu ya kujumlisha. Mtoto si mjinga. Kati ya wimbo na kiboko anajua lipi ni la kweli. Hapa ndipo ninapoona dharau ya jembe ilipozaliwa kwa kizazi kizima, na ilizaliwa ndani ya uzio wa shule iliyodai kuiondoa. Mavuno nayo yalikuwa na safari zake. Wazazi walinong'ona kuhusu gunia lililoishia nyumba ya mwalimu, na hata pale ambapo hakuna aliyeiba, mahindi yaliuzwa, fedha zikanunua mlango wa stoo, na mlango haukumwambia mtoto yeyote kwamba ni wake.

Wapo watakaosema nimesahau chakula. Zipo shule ambako shamba lilimlisha mtoto uji wa saa nne, na mtoto mwenye njaa hahitaji falsafa ya umiliki, anahitaji bakuli. Sijasahau, shule hizo zinaithibitisha hoja yangu kuliko mfano wowote mwingine. Pale mtoto alipouona muhogo alioupanda ukirudi umechemshwa mbele yake, uhusiano wake na shamba ulikuwa mwingine, hata kama jembe lilikuwa zito vilevile. Pingamizi zito zaidi ni la upande wa siasa. Tuta la mtoto mmoja mmoja, litasemwa, linajenga ubinafsi. Tulikuwa tunajenga Ujamaa, na watoto walipaswa kujifunza kushirikiana. Jibu la kwanza ni kwamba nyumbani kwenyewe, huko ambako Mwalimu alisema ndiko Ujamaa ulikotoka, mtoto alikuwa na kijisehemu chake na hakuna aliyekiona kuwa ni ubepari. Huwezi kuchangia chungu kama huna cha kuchangia. Jibu la pili liko nje, nalo limefika hadi kwetu. Mwaka 1910, huko Aiken, South Carolina, mwalimu mmoja wa shule za vijijini, Marie Cromer, aliwaanzishia wasichana klabu ya nyanya. Kila mmoja alipewa sehemu ya kumi ya eka, akapanda, akavuna, akafungasha nyanya kwenye makopo pamoja na wenzake, akaandika matumizi na mapato yake, na faida ikawa yake. Walipika pamoja lakini kila mtu alikuwa na daftari lake. Klabu hizo, pamoja na ile ya wavulana na wasichana iliyotangulia Ohio mwaka 1902, ndizo zilizozaa 4-H ya Marekani, na 4-H ikawa kiolezo cha 4-K ya Kenya, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufufuliwa tena mwaka 2021. Ukilisoma jina la Kiswahili utaona neno la kwanza ni kuungana. Kwa msichana wa Aiken kuungana kulikuja baadaye, jikoni, kila mmoja akiwa na ndoo yake ya nyanya.

Mitaala ya leo, ule wa umilisi wa Kenya na ule wa Tanzania ulioboreshwa, imeurudisha ukulima kwa watoto, na kuna picha nyingi za wanafunzi wakimwagilia sukuma wiki iliyopandwa kwenye magunia. Nisingeziamini wala kuzikataa kabla ya kujua jambo moja ambalo linaonekana la kitoto: zao gani, na linachukua muda gani. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko ulezi. Mtoto akiimwaga kwa mkono itarundikana mahali pamoja, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu na kunyunyizwa kama mtu anayetia chumvi, juu ya tuta lililotiwa samadi iliyooza vizuri. Ikiwa mbichi itaiunguza miche. Hufunikwa kwa nyasi kavu, zisiwe nzito, na kumwagiliwa kwa kopo lililotobolewa matundu chini, maana maji ya ndoo yatazisomba mbegu zote hadi kwenye mfereji. Ndani ya wiki moja nyasi huondolewa na chini yake kuna vijani vyekundu na vya kijani, vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Wiki ya pili hupunguzwa, na iliyong'olewa huliwa. Wiki ya nne mtoto hung'oa iliyobaki na mizizi yake, hukung'uta udongo, hufunga kwa ukambaa wa mgomba, hubeba mafungu mawili nyumbani. Kazi yote inaingia katikati ya muhula mmoja, tena nafasi inabaki ya kukosea na kuanza upya. Matembele hata mbegu hayataki. Kipande cha shina kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huota chenyewe.

Mahindi huchukua miezi minne hadi mitano. Shule zikifunguliwa Januari, katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua ndio wakati wa kupanda na kupalilia, na kwa hiyo ndio wakati wa ngwe. Yanakomaa kuelekea Juni. Mara nyingi yalivunwa, yakapukuchuliwa na kupimwa gunia kwa gunia wakati wa likizo, mbele ya watu wawili watatu wenye ufunguo wa stoo. Watoto waliporudi Julai walikuta mabua, na mwalimu wa zamu ameshaanza kupima hatua upande wa pili wa shamba.